Honda ya Ami: kufufua pikipiki kuukuu uani kwa shilingi 25,000

Najua nimenyamaza muda mrefu, na wapo walioniandikia kuuliza kama ukurasa huu umekufa. Haujafa. Kilichotokea ni kwamba kuanzia Agosti 2023 hadi Februari 2024 jioni zangu zote zilimezwa na pikipiki. Kwa hiyo leo hakuna habari za Linux wala hifadhidata. Leo ni kutu, magadi na kiki. Wasiopenda vyuma waniwie radhi, lakini nadhani hata ninyi mtapata la kwenu humu.

Nianze na pikipiki yenyewe. Ni Honda CG125, nyekundu zamani, ya ami yangu aliyenilea. Nyumba yetu iko mitaa ya nyuma ya Marikiti, mwendo wa dakika tano kwa mguu, ukipita kwenye maduka ya viungo ya Langoni. Ami alikuwa na duka huko: iliki, mdalasini, bizari, pilipili manga. Pikipiki ndiyo iliyokuwa ikipeleka mizigo kwa wateja wa Majengo, Tudor, hata ng'ambo ya daraja la Nyali. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nakaa mbele, juu ya tangi, katikati ya mikono yake, na nguo zangu zilinuka iliki hadi darasani.

Mwaka 2009 aliiegesha uani. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza, maana mwaka huo ndio niliokwenda chuo kikuu Nairobi na nilikuwa na mambo yangu. Tangu hapo imekaa chini ya turubai, miaka 14, kwenye upepo wa bahari. Anayeishi Mombasa anajua upepo huo unavyofanya chuma.

Mwaka 2021 Ami alipata kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ni dhaifu, na maneno hutoka moja moja, mengine hayatoki kabisa. Siku nyingi hukaa barazani na mkongojo wake, anatazama watu wanaokwenda sokoni.

Sasa Agosti 2023 mke wake, ambaye sote tunamwita Ma, alinijia na habari mbili. Ya kwanza: anataka kuweka tangi kubwa la maji uani. Walio Mji wa Kale wanajua shida ya maji, mifereji inakauka, na kila wiki unanunua madumu kutoka mikokotenini. Ya pili: mahali pekee pa kuweka tangi ni pale ilipo pikipiki, na mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha kuiona, anatoa shilingi 4,000.

Nikamwambia, "Ma, nipe hadi Ramadhani."

Akanijibu, "Ramadhani ikifika na haijawaka, inakwenda kwa kilo."

Ramadhani ya 2024 ilitarajiwa kati ya Machi. Basi nilikuwa na miezi sita na kidogo. Fedha nilikuwa nazo shilingi 25,000, na hizo zilikuwa zote. Mteja mmoja wa Nairobi niliyemtungia programu alikuwa hajanilipa kwa miezi mitatu, na kila nikipiga simu naambiwa hundi iko mezani. Kwa hiyo hii haikuwa kazi ya tajiri anayejifurahisha siku ya Jumapili. Kila shilingi iliandikwa kwenye lahajedwali, na mwisho wa makala nitawaonyesha.

Kwa nini CG125 inafufulika

Kabla ya kushika spana nilifanya kile ninachofanya kila nikirithi programu ya mtu mwingine: nilisoma kwanza. Na habari ya pikipiki hii inapendeza.

Honda walianza kuiuza CG125 mwaka 1976. Walikuwa na CB125, pikipiki nzuri, ambayo vali zake zinaendeshwa na kamshafti iliyoko juu ya silinda, ikizungushwa kwa mnyororo mwembamba. Injini ya aina hiyo inataka oili safi kwa wakati. Katika nchi kama zetu watu walikuwa wanabebesha pikipiki mizigo, wanapitisha muda wa oili, na injini zinakufa. Honda hawakumlaumu mtumiaji. Walitengeneza injini nyingine: kamshafti imeshushwa chini, inazungushwa kwa gia, na vali zinasukumwa kwa vijiti viwili virefu. Hakuna mnyororo wa ndani wa kulegea. Kamshafti yenyewe ina nundu moja tu inayofanya kazi ya vali zote mbili. Na cheni ya nyuma wakaifunika kabisa kwa kasha la chuma, vumbi lisiingie.

Someni tena sentensi ile, ndugu zangu watunga programu: hawakumlaumu mtumiaji. Ni wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo?

Jambo la pili ni kubwa zaidi kwa mtu wa bajeti. Wachina waliinakili injini hii, wakaiunda kwa mamilioni na kwa majina mengi. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizoingia Afrika Mashariki ni wajukuu wa CG. Ni kama programu huria ambayo kila mtu amechukua nakala akaiendeleza kivyake. Maana yake ni kwamba ringi, gasketi au sahani za klachi za pikipiki ya zamani ya Kijapani unaweza kuzikuta kwenye kiduka cha spea za bodaboda, kwa bei ya bodaboda. Si vyote vinaingia, lakini vingi vinaingia. Na Pakistan wanaendelea kuiunda kwa jina lile lile la CG125. Jaribu kupata bahati hiyo kwa simu ya mwaka 2009.

Kufungua

Kanuni yangu ya kwanza ilikuwa: usifungue bolti kabla ya kupiga picha. Kila hatua nilipiga picha kwa simu, nikaiweka kwenye folda yenye tarehe. Nati na bolti nilizitia kwenye vikombe vya maziwa ya mgando, kila kikombe na jina lake. Watunga programu tunajua thamani ya kuweza kurudi nyuma. Fundi mmoja jirani alinicheka sana, akasema yeye hukumbuka kichwani. Sawa, yeye anafungua pikipiki tano kwa siku. Mimi hii ni ya kwanza.

Kanuni ya pili: usianze kwa kununua. Kwanza jua kilicho hai. Nilifungua plagi, nikatia mafuta taa kidogo kwenye tundu, nikaacha usiku kucha kwa kuwa nilikuwa na hakika pistoni imegandana na silinda. Asubuhi nilisimama juu ya kiki kwa uzito wangu wote, nikapiga bismillah.

Ikashuka. Ngumu, lakini ikashuka.

Sikuamini. Nilipotoa kichwa cha silinda nilikuta juu ya pistoni kuna oili iliyokauka ikawa nzito kama asali. Kuta za silinda zilikuwa safi, hazina kutu. Nikasema hii bahati. Nikakuta tangi la petroli ni kavu kabisa, halina hata ile gundi ya petroli iliyooza, japo kutu ilikuwamo. Nikasema tena bahati. Kumbukeni hizo bahati mbili, nitazirudia.

Yaliyokufa yalikuwa haya: kabureta iliyolika kwa chumvi, kebo zote, matairi yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi, breki shuu, nyaya za umeme zilizoliwa na panya, na kiti. Cheni, kwa sababu ya lile kasha lake, ilitoka na grisi yake. Niliisafisha, nikaipima, nikairudisha. Hapo niliokoa karibu shilingi 1,700.

Kutu, magadi na umeme wa tarakilishi

Hapa ndipo Marikiti ilipoingia kazini. Watu wakisikia soko la Mackinnon wanafikiria mboga, nazi na viungo. Mimi nilikwenda kununua kemikali.

Njia ya kuondoa kutu bila kusugua mpaka mikono itoke damu ni umeme. Unahitaji beseni la plastiki, maji, magadi, kipande cha nondo, na chanzo cha umeme mnyoofu wa volti 12. Watu wengi hutumia chaja ya betri ya gari. Mimi sina gari. Lakini nina masanduku ya tarakilishi zilizokufa, na ndani ya kila moja kuna pawasaplai. Kiunganishe kile kichomeo chenye waya wa kijani na kimoja chenye waya mweusi, pawasaplai itawaka bila tarakilishi. Waya wa njano ni volti 12 chanya, mweusi ni hasi.

Hasi unaifunga kwenye kipande chenye kutu. Chanya unaifunga kwenye nondo. Visigusane. Katikati ya njia niliweka balbu ya gari ili umeme usizidi na kuunguza pawasaplai. Maji ni ya kawaida, magadi kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne hivi. Ukiwasha utaona vipovu vinapanda kwenye chuma chako na maji yanaanza kuwa rangi ya chai. Baada ya saa sita au usiku mmoja, kutu inageuka tope jeusi unalolifuta kwa brashi ya viatu.

Tahadhari, na hapa sitanii. Vipovu vile ni haidrojeni, inalipuka, kwa hiyo fanya nje penye upepo na usivute sigara. Usitumie chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, kwa sababu kinatoa sumu ndani ya maji. Usitie vipande vya alumini, magadi na umeme vitavila. Na zima umeme kabla ya kutia mkono.

Kila kilichoenea kwenye beseni kilipita humo: stendi, vishikio, boriti za breki, sahani ya chini ya kiti. Ekzosi haikuenea, ilikuwa ndefu kuliko beseni, basi niliisugua nje kwa msasa na kuipaka rangi ya kustahimili moto. Hilo nalo likumbukeni.

Tangi la petroli lilitaka njia nyingine. Niliziba matundu, nikamimina siki lita tano na konzi ya nati kuukuu, nikaliacha siku tatu huku nikilitikisa kila nikipita. Kisha nikalisafisha kwa maji ya magadi ili kuua ukali wa siki, nikalikausha juani na kumimina oili kidogo ndani ili kutu isirudi.

Rimu za magurudumu zilikuwa na madoa ya kutu juu ya kromu. Nilikuwa nimekaa nazikuna kwa karatasi ya fedha ya sigara kama nilivyosoma mtandaoni, Ma akapita na ungo wake. Akasimama, akatazama kwa dharau.

"Sinia za shaba tunasugulia nini humu nyumbani?"

"Ukwaju, Ma."

"Sasa?"

Akaingia jikoni, akarudi na donge la ukwaju alilolirowesha. Akachuchumaa mwenyewe akasugua rimu moja kwa kumbi la nazi, na madoa yakaenda. Tangu siku hiyo sikumsikia tena akimtaja yule mnunuzi wa vyuma, ingawa tarehe ya mwisho hakuibadilisha.

Mvua, petroli na makosa yangu

Septemba petroli ikavuka shilingi 200 kwa lita, na nikajiuliza namfufulia nani. Bodaboda wa mtaani alinishauri nisubiri pikipiki za umeme, ambazo mwezi huo huo zilizinduliwa hapa Mombasa. Hakukosea. Lakini pikipiki ya umeme haikunibeba nikiwa mtoto.

Novemba ikaja El Niño. Mvua za mwishoni mwa 2023 kila mtu wa pwani anazikumbuka. Nilikuwa nimepaka tangi rangi ya kwanza Ijumaa, na Jumamosi asubuhi lilikuwa na vipele kama ngozi ya chura. Unyevu. Nilikwangua yote nikaanza upya, na mara ya pili nilipakia ndani, sebuleni, juu ya magazeti, na Ma aliyejifunika pua kwa buibui.

Makosa mengine nilinunua kwa fedha. Pikipiki hii ni ya zama za platini na volti 6. Mimi kwa haraka nilinunua balbu za volti 12, kama za bodaboda. Nikanunua pia gasketi ya kifuniko cha klachi ambayo matundu mawili hayakulingana. Funzo: beba kipande cha zamani mfukoni, kilinganishe dukani, ndipo utoe pesa. Balbu za volti 6 zilinichukua wiki mbili kuzipata, kwa mzee mmoja ambaye duka lake lina kila kitu cha kabla ya 1990. Betri ya volti 6 nayo ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani: zile betri za taa za kuchaji ni volti 6. Na uzuri wa mashine hii ni kwamba cheche zake zinatoka kwenye sumaku ya injini yenyewe, kwa hiyo betri ikifa pikipiki bado inawaka.

Haiwaki

Kati ya Januari 2024 nilifunga bolti ya mwisho. Oili mpya, karibu lita moja. Vali nimezipima milimita 0.08 injini ikiwa baridi. Platini milimita 0.35. Petroli lita mbili. Ma alikuja, watoto wa jirani walikuja, na Ami alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa uani.

Nikapiga kiki. Ikakohoa mara mbili, ikafa. Nikapiga tena. Ikakohoa, ikafa. Mara ya arubaini miguu ilikuwa inatetemeka na watoto wamekwenda kucheza mpira.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: cheche, petroli iliyochanganyika na hewa, na mgandamizo. Nikatoa plagi, nikaigusisha kwenye kichwa cha silinda, nikapiga kiki: cheche ipo, ya buluu. Plagi imelowa, kwa hiyo petroli inafika. Nikaziba tundu kwa dole gumba, likasukumwa: mgandamizo upo. Vyote vitatu vipo na haiwaki.

Siku ya pili nilibadilisha plagi, nikabadilisha kondensa, nikasogeza platini, nikakoroga skrubu za kabureta. Vyote kwa pamoja. Mimi, ambaye nimeandika humu mara ngapi kwamba ukitafuta hitilafu badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja! Jioni nilikuwa sijui hata pale nilipoanzia.

Na katika siku zote hizo Ami alikuwa anasema neno moja.

"Tambara."

Mara ya kwanza nilidhani anataka kujifuta mkono. Nikampa tambara. Akalitazama, akaliweka pajani. Nikarudi kwenye kiki.

"Tambara."

Nikadhani lile ni chafu. Nikamletea safi. Akalitupa chini. Ma akasema labda ana joto, mfute uso. Tukamfuta uso, akakasirika, akageuza kichwa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Nikajiambia, ndio ule ugonjwa, neno limekwama mdomoni. Naandika haya kwa aibu.

Siku ya tatu baada ya alasiri nilikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, nimekata tamaa. Kichwani nilikuwa nimekwisha kumpigia simu mnunuzi wa vyuma. Ami akainuka. Kuinuka kwake ni kazi, na kwa kawaida humngoja mtu. Akaja polepole kwa mkongojo, hatua saba au nane, akasimama nyuma ya pikipiki. Akaupiga mkongojo kwenye ekzosi. Mara moja, mara mbili.

"Tambara," akasema.

Nikapiga magoti, nikatazama ndani ya mdomo wa ekzosi. Giza. Nikatia waya ulionyooshwa na kupindwa ncha kama ndoano. Waya ukashika kitu laini. Nikavuta, kikaja, kirefu, cheusi, kikaendelea kuja. Ilikuwa leso, nusu ya leso, imekunjwa na kusukumwa ndani vizuri kabisa, na huko mbele ikiwa imeanza kuungua kwa makohozi yangu ya siku tatu.

Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Ndiyo hitilafu yote.

Ma aliichukua ile leso, akaikunjua. Sehemu ya ndani rangi zilikuwa zimebaki. Akasema, "Hii yangu. Niliitafuta mwaka mzima."

Kisha akanihadithia lile ambalo sikuwahi kuuliza. Mwaka 2009 Ami alipiga hesabu ya karo yangu ya chuo, akaona petroli, bima na matengenezo ya pikipiki ndiyo yatakayoijaza. Akaanza kupeleka mizigo kwa mkokoteni wa hamali. Pikipiki hakuiuza. Alitoa petroli yote tangini, akamimina oili kwenye silinda kupitia tundu la plagi, akaziba ekzosi unyevu na mende wasiingie, akafunika. "Alisema ni miaka minne tu," Ma akasema. Nilipomaliza mwaka 2013 magoti yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumsumbua, tuktuk zimejaa mjini, na habari ikapita.

Kwa hiyo zile bahati mbili hazikuwa bahati. Mtu aliifunga mashine ile kwa mikono yake akiwa na nia ya kuirudia, na miaka yote hiyo alikuwa anajua ufunguo uko wapi. Na mimi nilimfuta uso.

Ikawaka

Nilirudisha platini na kabureta kama zilivyo kwenye picha za mwanzo (mnaona faida ya picha!). Kiki ya tatu ikawaka. Moshi wa buluu ulijaa uani, masizi ya leso yakaruka kwenye nguo za Ma zilizoanikwa, na hakuna aliyelalamika.

Ami alikuwa amerudi kwenye kiti. Alisikiliza kama dakika nzima, kichwa ameinamisha upande. Kisha akainua mkono wa kushoto, akaniashiria nizime.

"Vali," akasema.

Safari hii sikuleta vali ya tarakilishi wala ya mfereji. Nilisubiri ipoe, nikafungua kifuniko, nikapima. Ya kutolea moshi ilikuwa imelegea, nati yake sikuikaza vya kutosha. Nikaiweka sawa, nikawasha. Ule mlio wa tik-tik ukaondoka. Akatikisa kichwa.

Hesabu

Kama nilivyoahidi, haya ndiyo matumizi yote kwa shilingi za Kenya:

- Ringi, gasketi, platini, kondensa, plagi: 2,000
- Kabureta (nakala ya Kichina): 1,600
- Kebo, breki shuu, beringi za magurudumu: 2,250
- Matairi mawili na tyubu: 5,800
- Betri, balbu, nyaya: 2,000
- Rangi, thina, msasa: 2,450
- Kushona kiti na kuchomelea stendi: 2,200
- Oili: 1,300
- Magadi, siki, ukwaju, mafuta taa: 640
- Makosa yangu (balbu, gasketi, rangi iliyoharibika): 1,350

Jumla: 21,590. Bima haimo, hiyo nililipa baadaye kutoka mfuko mwingine, na msitoke barabarani bila ya hiyo wala bila helmeti. Mteja wa Nairobi alilipa mwezi wa pili, nusu.

Niliyojifunza

Moja, nunua mwisho. Karibu nusu ya nilivyodhani vimekufa vilikuwa vinahitaji kusafishwa tu. Mwaka 2000 Joel Spolsky aliandika makala maarufu akiwalaumu Netscape kwa kuitupa programu yao na kuiandika upya kutoka mwanzo. Makala ile huitajwa sana na watu wa kazi yetu, lakini mimi niliielewa vizuri zaidi nikiwa na cheni ya mwaka 2009 mkononi ambayo bado ina grisi.

Mbili, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hata ukiwa na hasira. Hasa ukiwa na hasira.

Tatu, mtumiaji akirudia neno lile lile siku tatu, tatizo haliko kwake. Tangu Februari, mteja akiniandikia ujumbe usioeleweka kwamba "ile kitu imekataa", simtumii tena maelekezo ya kuzima na kuwasha. Namuuliza anionyeshe. Wengi hawana maneno ya kazi yetu, lakini wanajua kabisa pale panapoziba.

Pikipiki bado iko kwa jina la Ami kwenye kitabu chake, na sina haraka ya kubadilisha. Tangi la maji tuliliweka upande wa pili wa uani, baada ya Ma kugundua ghafla kwamba panatosha. Yeye mwenyewe alisema hivyo, mimi sikuongeza neno.

Alfajiri za Ijumaa naitoa polepole hadi Langoni kabla hamali hawajaijaza njia, naizungusha hadi Makadara na kurudi. Ami hawezi kupanda, upande wa kulia haumshiki. Anakaa barazani ananisikiliza nikienda na nikirudi, na nikifika ananiambia neno moja. Ijumaa iliyopita lilikuwa "klachi". Kesho nitaifungua.

Basi wasomaji wangu, nimerudi. Makala ijayo itakuwa ya hifadhidata, inshallah, kama klachi itaniruhusu. Mwenye pikipiki ya marehemu au ya mzee chini ya turubai, kabla hajamwita mtu wa mizani, amwulize aliyeifunika kwanza.